Ritifaa ya ng' ilivyogeuka mwiba katika kurasa za HTML

KATIKA Kiswahili, ngoa si ng'oa. Ngoa ni tamaa, ile hamu kali inayoweza kumfanya mtu mzima alie ngoa kwa wivu. Ng'oa ni kitenzi cha mkulima kwenye magugu na cha daktari kwenye meno. Katika maandishi, kinachoyatenganisha maneno haya mawili ni kialama kidogo kinachoning'inia juu ya mstari: ritifaa, au kibainishi kama walimu wengine wanavyokiita. Kiondoe, na mkulima aliyekwenda shambani kung'oa atarudi nyumbani na tamaa. Kwa mkondo uo huo, kung'ara ni jambo moja na Ngara, mtaa wa Nairobi, ni jambo jingine kabisa.

Mtoto wa shule ya msingi huijua tofauti hii mapema. Tarakilishi haiijui hata leo, na sitaki tukimbilie kusema eti mashine ni mashine. Kutojua huku kuna historia yake, yenye miaka na majina ya watu. Sehemu inayonigusa zaidi ya historia hiyo imo katika programu ambazo wasomaji wengi wa safu hii hunufaika nazo bila kujua kwamba zipo: zile zinazogeuza matini yenye alama nyepesi kuwa ukurasa wa HTML.

Kwanza tuelewane kuhusu alama zenyewe. Kila ukurasa wa wavuti unaoufungua katika simu yako umepangwa kwa HTML, lugha aliyoibuni Tim Berners-Lee mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipokuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva. HTML hukiambia kivinjari kwamba hapa aya inaanza na hapa inakoma, neno hili liwe kichwa, lile liwe la mlazo. Kila agizo hukaa ndani ya mabano yenye pembe, na aghalabu likifunguliwa sharti lifungwe. Mashine hulipenda jambo hilo. Binadamu huchoka. Jaribu kuandika insha ya kurasa tatu kwa HTML tupu uone kama hutaona mabano mengi kuliko maneno.

Ndipo watu wakabuni njia ya mkato. Badala ya agizo refu, mwandishi anaweka kinyota kabla na baada ya neno analotaka liwe la mlazo, au alama ya reli mbele ya kichwa, kisha anaendelea na stori yake. Baadaye programu inaipitia matini hiyo na kuzigeuza alama nyepesi kuwa HTML kamili. Programu za aina hii mara nyingi huwa ni maktaba. Usitafute rafu wala vumbi la vitabu. Kwa waandishi wa programu, maktaba ni mkusanyiko wa maagizo ambayo wengine wamekwisha kuyaandika na kuyajaribu, nawe unauita kwa mstari mmoja tu ukufanyie kazi. Unaipa matini, inakurudishia ukurasa.

Sasa swali linalopaswa kumshughulisha mtu wa lugha ni hili: alama hizo nyepesi zilichaguliwa na nani, na wakati wa kuzichagua alikuwa akifikiria lugha gani? Ili kulijibu, lazima turudi nyuma hadi kabla ya tarakilishi yoyote.

Sauti ya mwanzo ya neno ng'ombe ni nazali ya kaakaa laini. Hewa inapita puani ilhali ulimi umepanda nyuma kinywani, na hakuna g ndani yake. Sauti ya mwanzo ya ngoma ni nazali hiyo hiyo, ila sasa inafuatwa na g. Washairi na makatibu wa pwani waliotumia hati ya Kiarabu hawakuwa na herufi za kutenganisha mambo haya. Ghaini ilibeba mzigo wa g, ng na ng' pamoja, na msomaji aliyeijua lugha ndiye aliyeamua. Wamishenari walipokuja na hati ya Kilatini walilikuta tatizo lile lile kwa sura nyingine, kwa kuwa Kiingereza chenyewe kina sauti hii lakini hakina herufi yake. Kamusi ya A. C. Madan ya mwaka wa 1903 tayari inaandika ng' na ritifaa yake. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipokubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka wa 1930, desturi hiyo ilikuwa imekwisha kuota mizizi. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 iliifuata.

Kulikuwa na njia nyingine. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, iliyoanzishwa London mwaka wa 1926, ilipendekeza herufi mpya kwa ajili ya sauti hii: ŋ, yaani n yenye mkia. Jirani zetu Waganda waliikubali katika tahajia yao rasmi, ingawa hadi leo Mganda akishika simu mara nyingi utamwona akiandika ng' kwa sababu ŋ haionekani kwenye kibodi. Sisi tulibaki na ritifaa. Na tusiwalaumu waliotangulia, maana uamuzi huo ulikuwa na faida ya wazi. Taipureta iliyotoka Uingereza ilikuwa na ritifaa, haikuwa na ŋ. Karani wa ofisi ya wilaya, Kisii au Lamu, aliweza kupiga chapa barua ya Kiswahili bila kuagiza mashine maalumu.

Ila faida hiyo ilikuja na deni. Katika taipureta, ritifaa ilikuwa kibarua wa kazi zote. Ilifungua nukuu, ikafunga nukuu, ikaonyesha herufi iliyodondoshwa. Na katika mashine zilizokosa alama ya mshangao, mpigaji chapa aliigonga ritifaa, akarudi nyuma hatua moja, akagonga nukta chini yake, mshangao ukapatikana! Wamarekani walipoweka jedwali la ASCII mwaka wa 1963, lile linaloipa kila alama namba yake ndani ya mashine, ritifaa ilipewa namba 39 na ikabebeshwa vibarua vyake vyote. Katika jedwali hilo A ni herufi, B ni herufi. Namba 39 ni uakifishaji. Hapakuwa na mtu mezani pale wa kusema jamani, kuna watu ambao kwao hii ni nusu ya herufi.

Miaka 32 baadaye, tarehe 25 Machi 1995, mwandishi wa programu wa jimbo la Oregon aitwaye Ward Cunningham alifungua tovuti ambayo mgeni yeyote angeweza kuihariri. Aliiita WikiWikiWeb, jina alilolichukua kutoka kwa basi la uwanja wa ndege wa Honolulu. Wikiwiki ni neno la Kihawaii lenye maana ya haraka. (Ni kama mtu wa huku kwetu aipe programu yake jina la matatu ya Kisii kwenda Nyamira. Nani angemkataza?) Ili wageni wasilazimike kujifunza HTML, aliwawekea alama nyepesi. Ukitia ritifaa mbili kabla ya neno na mbili baada yake, neno linakuwa la mlazo. Ukitia tatu na tatu, linakuwa la herufi nzito.

Kwa Kiingereza chaguo hilo halina ubaya. Ritifaa moja moja zimejaa katika Kiingereza, lakini mbili zikifuatana ni nadra kuwa na kazi nyingine. Wikipedia ilipoanza Januari 2001 ilitumia programu ya UseModWiki ya Clifford Adams, iliyozirithi alama hizo, na MediaWiki iliyokuja baadaye ikazirithi vile vile. Wikipedia ya Kiswahili ikazaliwa mwaka wa 2003 ndani ya nyumba ambayo milango yake ilikuwa imekwisha kupachikwa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, kampuni ya Google ilipoandaa shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania walioshiriki walilazimika kuandika kwa alama hizo za Cunningham. Yaani waliandika Kiswahili kwa mfumo ambao ndani yake ritifaa ni amri.

Hebu tuone kinachotokea. Neno zima halina shida. Andika ng'ombe kati ya ritifaa mbili na mbili, na kibadilishi kitaiona ile ritifaa moja ya katikati, kitaipita salama. Shida inaanza pale kitu unachokiandika kinapoishia na ritifaa yenyewe. Tuseme mwanaisimu anataka kuitaja sauti ng' kwa hati ya mlazo, jambo tunalolifanya kila siku katika makala za fonolojia. Anaweka ritifaa mbili, anaandika ng', kisha anafunga kwa mbili. Mwishoni zinakutana ritifaa tatu: moja ya Kiswahili, mbili za mashine. Lakini tatu ni amri ya herufi nzito. Mashine ifanye nini?

Waandishi wa MediaWiki walikuwa wameliona tatizo la aina hii. Kibadilishi chao husoma mstari mmoja mmoja na kuhesabu amri za mlazo na amri za herufi nzito. Hesabu zote mbili zikiwa witiri, yaani zisizogawika kwa mbili, kinakata shauri kwamba mahali fulani ritifaa tatu zilikuwa kwa kweli ritifaa moja ya kawaida ikifuatwa na amri ya mlazo. Kisha kinapekua ni wapi. Na angalia kinapoanzia kupekua: kinatafuta kwanza ritifaa tatu zinazofuata neno la herufi moja. Ni lugha gani zenye neno la herufi moja likifuatwa na ritifaa? Kifaransa na Kiitaliano, zenye l' na d' zao. Kanuni hiyo ina sura ya watu walioandika lugha hizo, wakaona kurasa zao zimeharibika, wakasema, na wakasikizwa.

Nasi tunapata manufaa ya jasho lao, mradi tusizidishe. Mwanaisimu wetu akiitaja ng' mara moja tu katika mstari, amri ya mlazo ni moja na ya herufi nzito ni moja, zote witiri, kanuni inafanya kazi, na ng' inatokea vizuri na ritifaa yake. Anafurahi. Halafu anaandika mstari wa kulinganisha, kama huu:

''ng''' ya Kiswahili na ''ng''' ya Ekegusii

Sasa amri za mlazo ni mbili na za herufi nzito ni mbili. Hesabu ni shufwa. Kibadilishi hakishuku kitu, kinatii amri kama zilivyo. Kinachotokea katika ukurasa ni ng ya kwanza kwa mlazo bila ritifaa. Kisha maneno "ya Kiswahili na" kwa mlazo na herufi nzito kwa pamoja, kana kwamba hapo ndipo penye uzito wa hoja. Kisha ng ya pili kwa herufi nzito, nayo bila ritifaa. Ritifaa zote mbili za lugha zimeliwa. Aliyeandika makala kuhusu tofauti ya ng na ng' anajikuta amechapisha makala yenye ng peke yake.

Angetumia herufi nzito badala ya mlazo, angepona, kwa sababu ritifaa nne zikifuatana kibadilishi huihesabu ya kwanza kuwa ya kawaida. Na tiba ya mlazo ipo: badala ya kuibonyeza ritifaa ya lugha, unaiandika kwa namba yake, ' na kibadilishi hakiigusi. Ni dawa inayofanya kazi. Lakini itazame vizuri. Inamtaka mtu aijue namba ya jedwali la mwaka wa 1963 ili aandike sauti aliyoinyonya kwa mama yake.

Mwaka wa 2004 mambo yalielekea kuwa nafuu. John Gruber wa Philadelphia, akisaidiwa na kijana Aaron Swartz, alitoa Markdown: mfumo wa alama nyepesi, pamoja na programu ya lugha ya Perl ya kuzigeuza kuwa HTML. Gruber alizichukua alama ambazo watu walikuwa wamezoea kuzitumia katika baruapepe, kinyota kikiwa mojawapo, na ritifaa akaiacha huru. Markdown ilienea haraka. Leo karibu kila lugha ya programu ina maktaba yake ya Markdown, na mtu anayejifunza Python kwenye saiba anaweza kugeuza faili lake kuwa HTML kwa mistari miwili mitatu.

Ila Gruber huyo huyo alikuwa amekwisha kutengeneza kijiprogramu kingine kiitwacho SmartyPants. Kazi yake ni kupendezesha maandishi: ritifaa iliyosimama wima ya taipureta inageuzwa kuwa ile iliyojipinda ya wachapaji vitabu. Maktaba nyingi za Markdown ziliuchukua ujanja huo. Katika nyingine ni nyongeza unayoiomba mwenyewe. Pandoc, programu aliyoianzisha John MacFarlane, profesa wa falsafa wa Berkeley, mwaka wa 2006, katika matoleo yake ya sasa huufanya bila kuulizwa inaposoma Markdown, isipokuwa ukiuzima.

Kwa macho ni pambo zuri, silikatai. Ila ritifaa iliyojipinda si namba 39 tena. Katika jedwali la Unicode, lililoipanua ASCII ili ienee lugha za dunia, hiyo ni namba 8217. Kwa hiyo ng'ombe uliyeandika na ng'ombe aliyetoka upande wa pili wa maktaba ni maneno mawili tofauti kwa mashine yoyote inayolinganisha namba kwa namba. Ukihesabu marudio ya maneno katika korpasi iliyokusanywa kutoka vyanzo mbalimbali, ng'ombe watakuwa wa zizi mbili. Ukiipanga orodha kwa alfabeti kwa njia rahisi ya namba, mambo yanachekesha zaidi. Namba 39 ni ndogo kuliko namba za herufi zote, basi ng'oa yenye ritifaa wima itakaa mbele ya ngano. Namba 8217 ni kubwa kuliko herufi zote tunazozitumia, basi ng'oa iliyopendezeshwa itasukumwa nyuma hadi baada ya ngwena. Neno moja, kamusi moja, na mahali pake panategemea kama mhariri alikumbuka kuuzima ujanja wa kupendezesha.

Zaidi ya hayo, si 39 wala 8217 iliyo herufi. Zote ni uakifishaji, na programu nyingi zinazokata matini kuwa maneno hukata penye uakifishaji. Ng'ombe anachinjwa vipande viwili, ng na ombe. Unicode ina ritifaa nyingine, namba 700, ambayo imewekwa katika kundi la herufi kwa ajili ya lugha ambazo ritifaa ni sehemu ya neno. Kwa nadharia hiyo ndiyo yetu. Kwa vitendo, sijaiona katika kibodi yoyote inayouzwa karibu nami.

Nasema karibu nami kwa sababu. Hapa Sironga, kaunti ya Nyamira, kwa muda sasa mimi na vijana wachache tumekuwa tukiandika faharasa ya Ekegusii na Kiswahili kwa ajili ya wanafunzi. Tunaiandika kwa Markdown kwa sababu za uchumi tu. Faili ni jepesi, linafunguka katika simu yoyote hata kuukuu, na kurasa za HTML zinazotokana nalo zinasomeka bila bando. Na Ekegusii kina ng' si haba. Ng'ombe ni eng'ombe. Mwanamke mzee ni omong'ina. Ukitaka kuuliza wapi, unasema ng'ai. Sijagusa majina ya watu, akina Nyang'au na Mong'are, ambao wengi wao katika orodha za tarakilishi wamekuwa Nyangau na Mongare bila kuulizwa.

Faharasa inahitaji viungo, ili msomaji akibonyeza neno katika orodha apelekwe kwenye maelezo yake. Maktaba za Markdown hufanya kazi hiyo zenyewe: hukichukua kichwa, hukifanya herufi ndogo, hutupa kila kisicho herufi wala tarakimu, nafasi huwa kistari, na matokeo yake huwa anwani ya mahali hapo ndani ya ukurasa. Sasa tia vichwa viwili, Ngoa na Ng'oa. Ritifaa inatupwa. Anwani zote mbili ni ngoa. Maktaba ya Python-Markdown, ikiona mapacha, humtilia wa pili namba ya kumtofautisha, akawa ngoa_1. Yaani kile kitenzi cha mkulima kimekuwa tamaa namba moja. Wala namba 700 isingeokoa kitu hapa, kwa kuwa maktaba hiyo kwa mpangilio wake wa kawaida hutupa pia kila kisichomo katika ASCII.

Kiungo kama ngoa_1 kinafanya kazi, msomaji anafika. Tabu ni kwamba namba hiyo haitokani na neno, inatokana na zamu. Siku utakayoongeza kichwa kingine juu yake zamu inabadilika, na viungo ambavyo walimu walikuwa wamevinakili katika maandalizi ya masomo yao vinaelekeza kwingine bila kutoa onyo. Mwanafunzi anayetafuta ng'oa anasoma habari za ngoa.

"Mwalimu, si tutumie ŋ tu tumalizane na haya mambo?" aliniuliza mmoja wa vijana wetu. Ni swali la haki, na Waganda wangemuunga mkono. Nilimwambia kwamba mwanafunzi anayetafuta neno ataandika anachokiona katika kitabu chake cha shule na katika kibodi ya simu yake, na vyote viwili vina ng'. Kuubadilisha mwandiko wa watu ili kuifurahisha maktaba ya programu ni kumwambia mwenye nyumba ahame kwa sababu fundi amekosea mlango.

Na mlango wenyewe si mgumu kurekebisha. Kiswahili hakina neno la kiasili linaloishia na ng. Ritifaa ikija mara tu baada ya ng, kisha ikafuatwa na irabu, hiyo si nukuu wala si udondoshaji. Ni sauti ya ng'. Kanuni hiyo ni fupi na ni ya uhakika kuliko ile ya l' na d' iliyomo ndani ya MediaWiki, inayobahatisha kwa kuhesabu witiri na shufwa. Haimo katika maktaba hizi, na sidhani ni kwa ubaya wa mtu. Maktaba nyingi kati ya hizi msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kupendekeza marekebisho. Wafaransa walifika mlangoni. Sisi wataalamu wa Kiswahili tumekuwa na makongamano mengi kuhusu istilahi za tarakilishi, tukabishana kama kibodi iitwe kibodi au baobonye, na hatujakaa chini kuamua kama ritifaa ya ng' ni 39, 8217 au 700. Uamuzi huo ni wa tahajia. Ni wa aina ile ile iliyokuwa mbele ya kamati ya mwaka wa 1930, na BAKITA pamoja na wenzao wa Kenya na Uganda wangeweza kuutoa kwa aya moja ambayo mwandishi yeyote wa programu, awe Nairobi au Berkeley, angeweza kuifuata.

Kwa sasa, katika faharasa yetu tumefanya hivi. Katika faili la Markdown tunaandika namba 39, kwa sababu ndiyo ambayo kila mtu anaweza kuibonyeza. Ujanja wa kupendezesha tumeuzima, basi ritifaa inabaki wima upande wa pili. Si nzuri sana kwa macho lakini ni moja popote uitafutapo. Kwa anwani, maktaba yetu inaruhusu mtumiaji kuipa kanuni yake mwenyewe badala ya ile ya kawaida. Kijana mmoja aliandika kanuni ya mstari mmoja: kabla ya kutupa chochote, kila ritifaa baada ya ng igeuzwe kuwa kistari. Ngoa anwani yake ni ngoa, na ng'oa anwani yake ni ng-oa. Omong'ina ni omong-ina. Kilichobaki ni mpangilio wa alfabeti. Vijana wanataka ng' ianze baada ya maneno yote ya ng, kama herufi inayojitegemea. Mimi nataka ichanganywe na ng, kwa sababu mwanafunzi ambaye hana hakika kama neno lina ritifaa atalipata hapo hapo alipolitafuta. Hatujakubaliana, na kila upande una toleo lake katika tarakilishi.